Mji Mzima Unaenda Kilio

Kulipiza kisasi kunataka subira. Mimi sina, ndiyo maana nilifanyia kisasi changu ndani ya simu ya kampuni, mchana, nikilipwa.

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alisomea mambo ya usafiri Kisangani. Alirudi Kindu na diploma, akaiweka chini ya godoro, akaanza kuuza uniti za simu. Halafu ikaja kampuni ya washauri kutoka Kinshasa. Walitaka kujua barabara ipi itengenezwe kwanza: ya Kailo, ya Kampene, au ya Kama. Bwana aliyewaongoza, tuliyemwita Mshauri, alimchukua yaya kama msaidizi. Akamwahidi kwamba kazi ikienda vizuri atapata nafasi ofisini Kinshasa. Yaya alifua blauzi moja ile ile kila jioni, asije akaonekana hana nyingine.

Kazi yenyewe ni hii. Unasimamisha watu kivukoni na njiani, unawauliza wametoka wapi na wanaenda wapi. Majibu unayaandika katika simu ya kampuni, yanaingia kwenye kompyuta, nayo inachora mistari juu ya ramani. Mstari mnene, watu wengi. Hiyo ndiyo modeli. Wauliza maswali tulikuwa sisi, wanafunzi tulio likizoni, kwa sababu tuko rahisi na tuna midomo.

Siku ya kutufundisha, katika ukumbi wa parokia, yaya alinyanyua mkono. Akasema koko, bibi yetu, amesimulia mara nyingi: hapa Maniema mtu haambii mgeni anakokwenda. Afadhali tuwaulize wamebeba nini, na tuwaulize wanaporudi.

Mshauri alicheka hadi akavua miwani. "Mademoiselle, modeli haili hadithi za koko yako. Hebu tuletee kahawa."

Ukumbi ukacheka naye. Hata rafiki zangu. Yaya akaleta kahawa, akamwuliza kila mtu anataka sukari au hapana. Mimi nilisema nataka, lakini sikuinywa.

Hadithi ya koko ilikuwa ya kweli. Wakati wa vita treni ilikufa, na koko, mama mzaa mama, alisukuma baiskeli yenye chumvi hadi Kama. Njiani kulikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki, na swali lao lilikuwa hilo hilo: unaenda wapi? Ukitaja soko, wanajua una mali. Ukitaja machimbo, wanajua utarudi na dhahabu. Jirani yake mmoja alisema ukweli, naye hakurudi. Koko alifunga kitambaa cha msiba kichwani akasema anaenda kwa kilio, yaani matanga. Hakuna anayempekua mtu wa kilio, anabeba machozi tu. Watu wote wakajifunza. Vita vilipopoa, jibu lilibaki. Sisi tumezaliwa tukalikuta mdomoni, kama meno.

Mshauri alitupa sheria moja: "Andikeni jibu kama lilivyotoka. Msifikiri." Nikasema ndiyo bwana. Sijawahi kumtii mtu mzima namna ile.

Koko mwenyewe alipita kivukoni na bidoni ya mafuta ya mawese.

"Koko, unaenda wapi?"

"Kwa kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya baba yako."

"Baba iko nyumbani anakula sombe."

"Basi amalize haraka, watu wanamungojea."

Nikaandika: kilio. Mchimbaji mwenye sepetu mpya: kilio. Mama mwenye kuku, bibi harusi na wapambe wake: kilio. Katika simu palikuwa na nafasi ya maoni, ambapo ningeweza kueleza. Nikaiacha nyeupe. Jioni yaya aliniuliza kama watu wanajibu vizuri. Nikamwambia, vizuri kabisa.

Siku ya kuonyesha matokeo walikuja ukumbini wakubwa wa jimbo, nasi wauliza maswali tukakaa nyuma. Mshauri, ambaye hakuwa ameikagua modeli yake, akawasha picha ukutani. Mistari ya Kailo, Kampene na Kama ilikuwa myembamba kama nywele. Mmoja tu ulikuwa mnene kama chatu aliyemeza mbuzi, nao ulielekea mahali pekee pa kilio kompyuta ilipopajua: makaburini.

Mama mmoja, mkubwa wa barabara za jimbo, akauliza polepole: "Bwana Mshauri, sisi hapa tunazikana tu?"

Kicheko kilichofuata bado nakisikia nikilala, na nalala vizuri. Lakini Mshauri akageuka, akamwonyesha yaya kidole. "Majibu yalisimamiwa na huyu. Hatutaendelea naye."

Kisasi changu kilikuwa kimempita Mshauri mwenyewe kikamwangukia yaya. Nikasimama bila kuitwa. "Yaya alikuambia humu ndani. Ukamutuma kahawa."

"Nani kakuruhusu kusema, wewe mtoto?"

"Acha aseme," yule mama akasema. "Na mimi waliniuliza. Nilisema naenda kilio. Nilikuwa naenda kusukwa." Akamgeukia yaya. "Eleza, binti yangu."

Yaya akaeleza, akianzia kwenye kitambaa cha msiba cha koko. Yule mama akafunga faili: kazi irudiwe, vinginevyo haipokelewi.

Mshauri alikuja kwetu kesho yake kumwomba yaya arudi kazini, viatu vimejaa matope. Yaya alikuwa anamsuka koko. Hakusimama. Akamwonyesha kigoda kifupi cha jikoni; Mshauri akakaa, magoti yakafika kidevuni, akangoja mpaka kichwa cha koko kikaisha.

Mimi nilitaka amfukuze. Yaya hakumfukuza. Alitaka kuongoza modeli yeye, jina lake likae mbele ya ripoti, na Mshauri aseme kosa lake mbele ya watu wale wale waliocheka.

"Hiyo ya mwisho ni lazima?" Mshauri akauliza.

"Hiyo njo ya kwanza," koko akajibu.

Mshauri akaja ukumbini akasema. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama meza: binti huyu alijua, mimi nilimcheka, nilikosea. Yaya akainamisha kichwa, akapokea. Amesamehe, na sasa anapanda ndege ya Kinshasa na blauzi tatu.

Mimi, siku ile, nilinyanyua mkono nikamwomba Mshauri arudie, maana wa nyuma hawakusikia.

Wa nyuma walikuwa wamesikia vizuri sana. Akarudia.