Kinu cha Mama na Meza Ndefu

Juzi nilipita mtaa wa Laeken, huku ughaibuni, mbele ya jengo letu la zamani, nikasikia harufu ya mchele wa mvuke kutoka dirisha la juu. Nikasimama kama mtu aliyeitwa. Najua hakuwa yule jirani yetu wa zamani.

Kwenye mlango uliotazamana na wetu alikaa bibi mmoja Mhani, kutoka milima ya kusini mwa Uchina, ambako mpunga hulimwa kwenye matuta kama ngazi. Aliishi na mwanawe wa kiume na mkwewe. Mama alipofariki nikaacha shule niwalee wadogo zangu wawili, na hapo ndipo bibi alipoanza kuazima kinu chetu. Sisi tulitwangia sombe, majani ya muhogo. Yeye alipondea mchele wa kunata wa mwaka mpya wao. Tulipokezana mchi mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Bibi akacheka, akatwanga kwa nguvu zaidi.

Kwa desturi yao, siku hiyo ya mwaka mpya kila nyumba hutoa meza yake na vyakula, meza zikaunganishwa kuwa moja ndefu. Sisi na wao tuliziunganisha kwenye korido. Anayeketi mezani ni mkuu wa nyumba, naye ni mwanamume. Wanawake hupika, hupakua, kisha hula jikoni. Bibi alikuwa amekula jikoni maisha yake yote.

Mwaka ule alikuja tonton, kaka yake mama. Alitaka kutugawa: mdogo wangu wa kiume aende kwake mtaa wa Forest, wa kike kwa shangazi, mtaa wa Ganshoren.

"Bon, nyumba bila mwanaume si nyumba," alisema, akivuta kigoda cha meza yetu.

Bibi akaweka mkono juu ya kigoda. Kwa Kifaransa chake cha kuokoteza akamuuliza mdogo wangu wa kiume, "Kwenu, asubuhi nani anawasha jiko?"

Mtoto, mdomo umejaa yai, akanionyesha kwa kijiko.

"Basi meza hii ina mwenyewe."

Nilisita. Bibi akaketi yeye kwanza, akanivuta kando yake, akamwita na mkwewe. Mkwe akaja na aproni yake, akakaa ukingoni kabisa mwa kiti.

"Sasa nani atapakua?" mwana wa bibi akauliza.

"Una mikono."

Tonton alibaki amesimama na sahani tupu. Akanitazama, kisha akawatazama wadogo zangu wanavyokula. "Alors, maman wa nyumba," akasema, "nikuwekee nini?"

Habari ya kutugawa hakuitaja tena.

Bibi ameshafariki, mwanawe na mkwewe wamehama. Korido wameigawanya kwa mlango wa chuma; hata meza mbili hazingepita. Wadogo zangu wana makwao na sombe wananunua iliyosagwa, ya kwenye barafu. Kinu ninacho bado, kimekauka. Lakini wakija Jumapili, mdogo wangu wa kiume huchukua mwiko bila kuambiwa. Mimi nakaa.