Mgeni Aliyetaka Dirisha Libaki Giza

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana mimi nilikuwa pale Kiwanjani na ngazi yangu, na nilimwona kwa macho haya mawili.

Mimi ni fundi wa stima. Mama Halima aliniita nimzungushie nyumba taa za mkanda, zile za kubandika chini ya paa, kwa sherehe ya mjukuu wake mchanga. Nilifika alasiri nikakuta mzee ameketi mlangoni, anajikuna mgongo kwa fimbo. Nikamtolea salaam, akaitikia. Jina sikuuliza. Kwetu Isiolo nani humhoji mgeni kabla hajanywa chai? Nikadhani ni babu wa mtoto.

Nikapangusa ubao wa ukingo wa paa kwa spiriti, nikabandika mkanda, nikaukaza kwa klipu kila kona usije ukaning'inia kama kamba ya nguo. Mzee alinifuata nyuma kila nilipohamisha ngazi. Tulipofika nyuma ya nyumba, kwenye dirisha la chumba alicholala mtoto, akasema, "Fundi, hapa wacha. Hapa kukae giza."

Roho yangu ilikataa. Mtu mzima anataka giza la nini kwenye dirisha la mtoto? Lakini mzee ni mzee, na nyumba ni yao. Nikakata mkanda, nikavusha waya juu ya dirisha, nikaendelea.

Jua likazama. Mama Halima akatoka na vikombe viwili. "Shika, fundi. Na huyo mzee wako pia mpatie."

"Mzee wangu? Mama, si ni mgeni wenu?"

"Wacha mchezo. Si mlikuja na yeye?"

Niamini, chai yote ilimwagika. Nikageuka, mzee hayupo. Nikawasha taa, tukakimbilia nyuma, kwenye dirisha la mtoto. Nyumba nzima iling'aa isipokuwa pale, na kwenye giza lile macho mawili ya kijani yalitutazama kutoka chini, kimo cha fisi. Fimbo ilikuwa imelala mchangani. Tulipopiga mayowe, kile kitu kikaruka ua. Dirisha lilikuwa wazi, na shuka la mtoto lilikuwa nusu nje.

Mtoto alipona, alhamdulillahi, anasema nyanya yake hadi leo. Ile nafasi niliijaza usiku uleule. Lakini kipande hicho, hicho tu, hudondoka kila nikikibandika, hata kwa klipu mpya. Wazee wa kule Sericho wanalo jina la mtu anayejikuna kwa fimbo akageuka fisi. Mimi silitaji.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa. Siku hizi naambiwa sina adabu, kwa sababu nikikuta mtu mlangoni nauliza kwa sauti, mwenye nyumba akisikia: huyu ni wa nani? Uliza na wewe. Uliza kabla ya chai.