Kumi na mmoja wanashuka kwa miguu kutoka Kibumba

Misa ya kwanza imetoka, na huko Mapendo, mtaa wa Goma, Anastase Habumugisha ameshapiga magoti kwenye vumbi jeusi la volkano. Baiskeli kumi na moja zimeegemezwa ukutani. Anagonga kila gurudumu kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, anasikiliza.

"Papa Anastase, iko nakuambia nini?" anauliza Benny, kijana wa miaka kumi na saba, na wenzake wanacheka.

"Iko nasema wewe ulikula sana jana."

Ana miaka arobaini na mitatu. Ni fundi wa baiskeli, na siku nzuri haimletei zaidi ya franga elfu kumi na tano. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na minne alikuwa mtu wa chukudu. Alikuwa akiuteremsha ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili kutoka Kibumba hadi Goma, umebeba kilo mia tatu na hamsini za viazi, na breki yake ni kipande cha tairi anachokikanyaga kwa mguu. Huko ndiko alikojifunzia kugonga. Mbao iliyopasuka ndani ina sauti yake.

Vijana wa mtaa walianza kumfuata polepole. Mmoja alileta mnyororo uliokatika, mwingine akaja kuomba pampu. Leo ni klabu, na kila Jumapili wanatoka nje ya mji kutazama mashamba.

Ila Jumapili ya leo ina uzito wake. Mwezi uliopita Benny alianguka akavunjika jino, na wazazi wanne wakawazuia watoto wao. Mama Masika, muuza vitenge ambaye akina mama wengine humsikiliza, alikuja mwenyewe kuzungumza na fundi.

"Fabiola nakupatia leo tu," alisema. "Saa nane awe hapa. Nikiona damu, hata kidogo, ni mwisho. Na mimi sitanyamaza, nitaambia na bale bengine."

Fabiola, bintiye wa miaka kumi na mitano, alikuwa akitazama viatu vyake.

Wanapanda taratibu kuelekea Kibumba. Desturi ya Anastase ni kwamba mwenye nguvu kidogo ndiye anayetangulia na wenye miguu imara wanabaki nyuma, kwa hiyo leo Fabiola ndiye anayeongoza. Chukudu zikisikika zinateremka kwa kishindo, wote wanashuka na kusimama pembeni, na wanaume wanaoziteremsha wanapita wakipiga kelele: "Habu! Uliacha mbao, sasa uko mwalimu?"

Kibumba kuna baridi. Wanakula viazi vya kuchemsha na chumvi, mikono inatoa mvuke. Saa sita kamili wanageuza.

Wameshateremka zaidi ya nusu ya njia, Fabiola anapiga ukelele. Anaburuza miguu yote miwili barabarani, kisha anaingia kwenye majani na kusimama. Waya wa breki ya nyuma umekatika. Breki ya mbele iling'olewa zamani, na mwenye kuing'oa hajulikani.

Anastase anaushika ule waya. Kutu imeula mwisho wake, kutu ya siku nyingi.

"Niligonga magurudumu yote," anasema kwa sauti ya chini. "Waya sikuangalia. Chukudu haina waya."



Mteremko umebaki kilomita tisa. Benny anasema Papa apande ile mbovu, azuie kwa mguu kama zamani, na Fabiola apewe baiskeli ya Papa. Anastase anainua suruali na kuonyesha kovu refu kama kijiko. "Huyu muguu ulishasema hapana."

"Basi sisi tutangulie," Benny anasema tena, "tumpashe Mama Masika habari. Saa nane iko napita!"

Hapo fundi anasita. Anapiga simu ya Masika mara tatu, haishikwi. Anajua kila dakika inayopita inaila klabu yake. Lakini kwenye chukudu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mwenzako akikwama kwenye mteremko, humwachi peke yake, hata kama viazi vyako vitalala njiani.

"Tunatembea," anasema. "Wote."

Kumi na mmoja wanashuka wakisukuma baiskeli. Watoto wa barabarani wanawazomea, baiskeli wakiziita kinga kama wanavyoziita watu wa Goma: "Kinga zimelala! Kinga zinachungwa kama mbuzi!" Fabiola ndiye wa kwanza kucheka, halafu anaanza kulia kama mbuzi kweli, na safu nzima inamjibu.

Wanafika Mapendo saa kumi. Masika amesimama mlangoni kwa fundi, mikono kiunoni. Anamgeuza binti yake, anakagua magoti, viwiko, viganja.

"Masaa mawili yamepita."

"Tulitembea, mama. Freni ilikatika."

"Ni kosa langu, Mama Fabiola," Anastase anasema. "Mimi ndiye sikuangalia."

"Mulitembea wote? Sasa kinga ni za nini?"

Masika anaitazama safu ya vijana waliojaa vumbi, mmoja mmoja, hadi kwa Benny na jino lake.

Anastase ana ndoto moja, na wazazi wote wameshaisikia. Likizo kubwa ikifika, anataka kuwapeleka vijana hawa Kalengera, njia ya Rutshuru, siku mbili kwenda na kurudi. Huko mama yake, Donatille, bado analima maharage. "Yeye alinionaka na mbao tu," anasema. "Nataka anione na batoto." Sasa anachukua chaki na kuandika ukutani: WAYA KWANZA.

Masika anayasoma maneno hayo. Anashika ncha ya kitenge chake, anampangusa Fabiola vumbi usoni.

"Hiyo Kalengera," anauliza bila kugeuka, "mutatoka saa ngapi?"