Vyoo Visafi Kupita Kiasi vya Msimbati

Saa moja asubuhi, mikono ya Yustina Haule ni myeupe mpaka viwikoni. Amejipaka mafuta ya nazi ili chokaa isimchome, amejifunga kanga kiunoni, na anapanga mawe ya matumbawe kwenye ukingo wa kisima cha Msimbati. Wanawake wanaofanya kazi pamoja naye wanamcheka.

Wanamcheka kwa sababu anayapanga vibaya. Yustina ni mganga msaidizi, mkuu wa zahanati ya kijiji na mwenyekiti wa kamati ya afya, lakini pia ni Mngoni wa Songea, na Wamakonde wa huku wanamhesabu kuwa mtani wao. Mtani hana cheo. Wanamwambia Wangoni wamezoea kubomoa tu, kujenga watakujulia wapi. Naye anawajibu kwamba babu yake angefika Msimbati, kisima hiki kingeshahamia Songea zamani.

Jiwe lake linaanguka. Kicheko kinaanza upya.

Lakini kisima chenyewe hakina mzaha. Mvua za mwaka jana zilisomba uchafu wa vichakani ukaingia humu, na kijiji kizima kikaharisha. Watoto saba walikufa. Mmoja alikuwa binti wa Saumu, mama kijana anayekoroga chokaa pembeni yetu.

“Mwanangu alianza kuhara adhuhuri,” Saumu anasema bila kuacha kukoroga. “Alfajiri nilikuwa sina mtoto.”

Yustina ana miaka thelathini na sita. Alipangiwa kazi hapa mwaka 1969, akaambiwa ni kwa miaka miwili tu, na sasa ni Novemba 1973. Mumewe, Stefano, ni mwalimu Mtwara mjini, anapanga chumba Chikongola, na huja kila akipata lori. Anasema mkewe ameolewa na zahanati, yeye ni mgeni wa Jumamosi.

Katikati ya mwaka huu ilipoanza kampeni ya afya redioni, Yustina aligawa kijiji katika vikundi. Kila kikundi kilikaa na redio yake jioni, kikasikiliza, kikajadiliana. Wilaya ikatoa ahadi: kijiji ambacho kila nyumba itakuwa na choo kitapewa saruji ya kujengea kisima. Msimbati wakachimba kama waliopagawa. Kufikia Oktoba hapakuwa na nyumba isiyo na choo, chenye ukuta wa fito na udongo, mlango wa makuti na mfuniko wa mbao.

“Nilijisikia mkubwa,” Yustina anakiri. “Nilikuwa natembea kijijini hivi, kifua mbele.”

Kilichomshtua ni usafi. Vyoo vilikuwa safi mno. Hapakuwa na nzi wala harufu, na mbele ya milango mchanga ulikuwa na alama za ufagio tu. Asubuhi moja alikwenda kumpongeza Bi Zainabu, mama yake Saumu, ambaye choo chake kilikuwa kimepakwa chokaa nje na ndani. Alipofungua mlango alimkuta kuku ameatamia mayai juu ya mfuniko, ametulia kabisa kama mtu aliye kwake.

Alimuuliza Bi Zainabu kulikoni. Bi Zainabu akaangalia huku na huku, akamvuta ndani, akamweleza.

“Ntani, nyumba hii tunakaa na nkwe wangu,” alisema. “Mimi nimeketi uani, yeye apite mbele yangu aingie mle, nami nnajua anakwenda kufanya nini? Na mimi nipite yeye akiniona? Si bora kufa.”

Hapo ndipo Yustina alipoliona kosa, na lilikuwa lake mwenyewe. Ndiye aliyewaonyesha watu mahali pa kuweka mlango. Aliagiza kila choo kitazame uani, ili mtoto au mgonjwa asipate taabu ya kuzunguka. Kwao Songea mwanamke huenda kuishi kwa mumewe, na anayemwonea haya ni baba mkwe. Kwa hiyo alikuwa mwangalifu sana kuhusu baba wakwe. Huku, kwa Wamakonde wengi, wanaume ndio wanaohamia kwa wakwe zao, na kati ya mume na mama mkwe wake hakuna hata kutazamana usoni. Alikuwa ameweka milango mbele ya macho ya kila mama mkwe wa Msimbati. Wanaume wakaendelea na vichaka vyao, mama wakwe na vyao, na vyoo wakaachiwa kuku.

Nilitaka kumsikia mkwe mwenyewe. Fikirini, mume wa Saumu, ni mkwezi wa minazi, kijana mwenye mabega mapana. Alinijibu baada ya kuhakikisha kwamba Bi Zainabu yuko kisimani. Alisema choo alikichimba kwa mikono yake na anakipenda, lakini tangu kiishe alikuwa hajakikaribia mchana wala usiku.

Dawa ilipatikana kwenye kikao cha wanawake. Milango igeuzwe itazame nyuma, upande wa migomba. Tena majirani wapeane vyoo: Bi Zainabu atumie cha jirani yake Somoe, na Somoe aje kwa Bi Zainabu, ili mtu asikutane na mkwe wake. Kila mtu aliona ni jambo jepesi. Ugumu ulikuwa kwamba wakaguzi wa wilaya walitarajiwa wiki hiyo hiyo, na kugeuza mlango ni kubomoa ukuta.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shaibu, alishauri wasubiri. Wakaguzi waje, waone vyoo vinavyong’aa, saruji ipatikane, milango itageuzwa baadaye. Wengi walimuunga mkono, na Yustina anasema naye moyo ulimvuta huko. Aliitaka ile saruji kuliko mtu yeyote. Lakini mawingu yalikuwa yameanza, na vichaka vilikuwa vimejaa.

“Niliwaambia, saruji tutaipata kwa kuwaonyesha wageni banda la kuku,” anakumbuka. “Kisha mvua inyeshe, nani atakwenda kuwaeleza akina Saumu? Nikasema tubomoe. Wilaya wakiuliza, waambieni ni Yustina.”

Kisha Bi Zainabu, mwenye choo kizuri kuliko vyote, akasimama akasema waanze na chake.

Mkaguzi, Bwana Mathayo, alifika Alhamisi akakuta kijiji kizima ni vifusi na matope. Alisikiliza maelezo kwa adabu, akasema yeye ametumwa kukagua vyoo vilivyokamilika. Safari ilikuwa ndefu, basi kabla ya kuondoka aliuliza kwa sauti ya chini pa kujisaidia. Wakampeleka kwa Bi Zainabu, mlango wa nyuma, ukuta bado mbichi. Alirudi akitabasamu, akasifu, akashukuru. Saruji ikaenda kijiji kingine.

Yustina alijifungia zahanati akalia. Halifichi hilo. Alipotoka alimkuta Mzee Abdallah, aliyewahi kuchoma chokaa ya kujengea nyumba za Mikindani, ameketi kwenye ngazi akimsubiri. Mzee alisema nyumba zile zilisimama kabla saruji haijajulikana, na kama atapewa vijana na magogo, tanuri atalipanga yeye. Kesho yake watu waliokota matumbawe ufukweni. Fikirini alileta magogo ya minazi. Tanuri liliwaka siku kadhaa, na chokaa yake ndiyo hii inayopauka sasa mikononi mwa Yustina.

Adhuhuri ukingo wa kisima umefika kiunoni na mawe yamekaa sawa, mengi yakiwa yamepangwa upya na wenzake. Namuuliza kama wilaya ikimhamishia mjini, kwa mumewe, atakwenda. Anasema atakwenda akiwa na mtu wa kumwachia kazi, na tayari ameomba Saumu apelekwe mafunzo ya uhudumu wa afya Mtwara. Saumu anasikia, anainamia chokaa yake, anakoroga kwa nguvu zaidi.

Upande wa mto Ruvuma kumekuwa kweusi. Wanawake wanaharakisha kufunika chokaa mbichi kwa makuti. Yustina ananawa mikono, anatazama mawingu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hamtanii mtu.

“Mwaka jana mvua ikinyesha nilikuwa nakaa kitandani nimevaa viatu, nasikiliza nani atabisha hodi,” anasema. “Mwaka huu nataka inyeshe usiku kucha, nami nilale.”