Namba Nane ya Rangi Mbichi

Jirani anapaka rangi mashua yake, na harufu imenirudisha kwenye jezi yangu ya kwanza. Timu yetu ya mpira ya wasichana ilikuwa mpya kwenye ligi ya mitaa. Tulikuwa tumefungwa mechi zote, na sisi hatukuwa tumepata hata bao moja. Namba tulijiandikia wenyewe kifuani kwa rangi ya mashua. Nane yangu ilipinda. Sikuweza kuivumilia, nikaipaka upya asubuhi ya mechi ya mwisho.

Beki wao alinicheka. "Nyie, leo mnataka ngapi?"

Nilipokuja na mpira akanikumbatia ili kunizuia, akabaki na doa la buluu kifuani.

"Mama atanichapa! Jezi ya kuazima hii!"

"Mkabe!" kocha wao alipiga kelele.

"Mkabe mwenyewe!"

Hakunisogelea tena. Nikapita, nikafunga. Tulifungwa sita kwa moja, lakini wenzangu walinibeba mpaka nyumbani, wote tukawa buluu.

Hadi leo wanasimulia nilivyompiga chenga yule beki. Sijawahi kuwasahihisha, mimi ninayesahihisha kila kitu.