Jibu Nililompa Shemeji Seifu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliposhuka Bungu kutoka Dar nikamkuta dada yangu Mwanaidi ananingoja kituoni, uso umemsawijika. Kabla hatujamaliza kusalimiana akaniambia kuwa binti yake, Mwajuma, amelazwa Mchukwi.

Miaka ile biashara ilikuwa imeruhusiwa kila mahali. Wengi niliosoma nao walikwenda kuuza mitumba na redio, wakanishangaa mimi niliyebaki chuo kikuu nikichungulia hamira kwa hadubini. Nilikuwa nachunguza jinsi seli inavyosafirisha protini. Nikueleze kidogo, maana umesema unataka kuisomea kazi hii. Seli hutengeneza protini katika mikunjo iliyo ndani yake. Kutoka hapo protini hupelekwa mahali pa kukamilishwa, hufungwa katika vifuko vidogo mno, na vifuko husogea hadi kwenye utando wa nje, vikaungana nao na kumwaga kilichomo. Nilikuwa na hamira ambayo ukiipasha joto kidogo, safari hiyo hukwama na vifuko hurundikana ndani. Nilitaka kujua kilichokwama ni nini. Nyumbani walijua tu kwamba nasomea vitu visivyoonekana.

Mwajuma alikuwa hajavunja ungo. Alikuwa akinywa maji kupita kiasi, akikojoa kila mara, akila na bado akikonda. Baba yake, Seifu, mkata mikoko wa kule visiwa vya deltani, mto unapoingia baharini, alimzungusha kwa waganga, na kila mmoja akamwahidi kuwa mtoto atapona. Alipopoteza fahamu ndipo wakamkimbiza hospitali. Daktari akasema ni kisukari, akamwanzishia sindano za insulini, na mtoto akaamka. Sasa Seifu alitaka kujua sindano zitakwisha lini. Daktari alishamjibu kuwa hazina mwisho, lakini hakuridhika. Alisema atanisubiri mimi, shemeji yake, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Jioni ile, nyumbani Mtawanya, mama alinivuta jikoni akaniomba nimwambie Seifu kwamba ni dawa ya muda. Alihofia kuwa akisikia ni ya maisha, atamchukua mtoto amrudishe visiwani kwa waganga, na huko hakuna wa kumchoma sindano. Hofu yake ilikuwa na msingi. Nikamwambia siwezi, naye akageukia chungu chake.

Seifu alikuwa ameketi barazani. Nilimweleza kwamba insulini ni protini, na kwamba seli za kongosho huitengeneza na kuimwaga kwenye damu kwa njia ileile ninayoichunguza. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza:

"Basi shemeji, hiyo njia imeziba. Wewe huwezi kuizibua?"

"Haikuziba, shemeji. Seli zenyewe zimekufa. Hakuna kinachotengenezwa."

"Zitaota tena?"

"Hazioti. Kwa nini zimekufa kwake yeye, sijui. Sindano atachoma maisha yake yote. Akiacha, atakufa."

Aliinuka, akaaga, akaondoka. Mwanaidi alilia kimyakimya, nami sikujua kama nimemwokoa mtoto au nimemwangamiza.

Asubuhi tulimkuta Seifu ameshafika hospitali kabla yetu, amekaa kando ya kitanda cha binti yake. Hakunitazama.

"Daktari simjui," alisema. "Lakini wewe ni mama mdogo wa mwanangu. Ungeweza kunidanganya kwa kunihurumia, na hukunidanganya. Nataka nifundishwe kuchoma."

Muuguzi akamfundisha. Seifu aliacha kukata mikoko, akahamia Bungu karibu na barabara, akawa analima mihogo. Dawa niliinunua Dar, kwenye maduka ya watu binafsi yaliyokuwa yakifunguliwa, nikaituma kwa makondakta wa mabasi ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Nyumbani waliiweka ndani ya mtungi uliozikwa kwenye mchanga wenye maji, kivulini. Masika mabasi yalipokwama topeni, Seifu alikwenda kwa miguu kuifuata.

Mwajuma alikua, akaolewa, akazaa. Baba yake ametangulia, yeye bado yupo. Utafiti wangu ulipata sehemu ndogo ya jibu, na haukumtibu mtu yeyote. Sijuti kuufanya.

Basi mwanangu, ukishasoma, watu wa nyumbani watakuja kukuuliza. Wajibu kwa maneno wanayoyaelewa. Ukifika mwisho wa unachokijua, sema hapa sijui, wala usiongeze kitu kwa kuwaonea huruma. Na ukishasema neno zito, usiwaache nalo. Kaa nao mpaka wajue la kufanya kesho yake.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa, akupe ulimi wa kweli na upole wa kuitamka, na akukutanishe na wanaoweza kuipokea.