Kumkosa Kaka kwa Kiingereza

"Hilo neno linasema amepotea, au linasema sisi tunamtaka?"

Mama aliniuliza hivyo tukiwa tumesimama nje ya kituo cha polisi Tororo, jua likituchoma utosini, kwa kuwa mimi ndiye mwenye shahada ya chuo kikuu. Ofisa tuliyetoka kwake alikuwa amesema kwa Kiingereza kwamba kaka yangu ni "missing person". Kisha akamwangalia mama kwa huruma ya kweli na kuongeza, "You must be missing him." Kiingereza cha mama kilikuwa kile cha kuuzia dagaa wa omena sokoni Busia, lakini sikio lake lilikuwa kali. Alisikia neno moja likitua mara mbili, kwanza kwa mwanawe, kisha kwake yeye.

"Linasema yote mawili, mama."

"Haiwezekani. Anayetafuta na anayetafutwa si mtu mmoja."

Kaka alikuwa mpakiaji wa mizigo Malaba. Alipanda lori la saruji lililokuwa likienda Sudan Kusini, awe msaidizi wa dereva kwa safari moja tu, alivyosema. Lori lilirudi bila yeye. Dereva tulimkuta kwenye kibanda cha chai kando ya foleni ya malori, na hakuonekana kushangaa kutuona.

"Huyo jamaa alimisi gari tu," alisema. "Sisi nasimama kidogo, yeye nashuka, gari naondoka."

Nilimuuliza walisimama mji gani. Hakujua jina lake. Nilimuuliza kwa nini hawakumngoja.

"Dada, barabara ile hawezi kungoja mtu. Risasi zilikuwa nalia. Mungu mkubwa, zilitumisi."

Mama alinivuta mkono. "Ni lile neno la polisi?"

"Ndilo."

"Sasa hapa linasema nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kulichukia, na ninapochukia kitu hukichunguza. Simu ya mama ilikuwa inachajiwa dukani siku ambayo kaka alipiga mara ya mwisho. Iliporudi, kiooni paliandikwa "missed call", na mimi ndiye niliyemsomea. Wenzangu wa chuo waliniandikia kwamba wanamisi vichekesho vya kaka. Mwalimu mkuu wa shule ya Buteba nilikokuwa nikishikilia nafasi ya mtu aliye likizo alinionya nisimisi vipindi. Kuchelewa basi, kukosa shabaha, kutofika, kutoelewa, kuponea chupuchupu, kumtamani aliye mbali: Waingereza wamevitia vyote katika kikapu kimoja na hawaoni tatizo. Nilitaka kujua nani aliamua hivyo. Nilisoma kwamba zamani, kabla hakijasambaa, kitenzi hicho kilikuwa na maana ya kulenga kitu usikipate. Hilo halikunisaidia. Mtu anayelenga anajua alichokilenga kiko wapi. Sisi hatukujua hata tutazame upande gani.

Niliyasema haya nyumbani, nikiwa nimekasirika, na mama akanisikiliza huku akipepeta mtama.

"Basi kaka yako amefanya yote," alisema. "Ameachwa na gari, risasi zimemkosa, simu yake haikushikwa. Limebaki lipi?"

Sikumwambia kwamba Kiingereza hutumia neno hilohilo kwa kitu kilichopungua. Ukikuta meno mawili hayapo kwenye kitana, ndivyo unavyosema.

Misimu ya mvua ilipita. Baba mdogo, mwalimu mstaafu aliyependa kuchomeka Kiingereza kama mtu anayetia chumvi bila kuonja, alianza kuja jioni baada ya jioni. Alikuja na jambo moja. Mdogo wetu wa kiume alikuwa na mchumba kule Lumino, na kwetu mdogo hajengi wala haoi akimruka mkubwa wake. Kama mkubwa amepotea na haonekani, kuna njia: unazikwa mgomba mahali pake. Kunachimbwa kaburi, shina la mgomba linafungwa shuka, watu wanalia, na kuanzia siku hiyo mtu yule amekufa. Kibanda chake kinabomolewa. Hata akitokea njiani kesho yake, hatapita langoni. Mama yake hatampikia. Hakuna anayejua vizuri aliyezikwa na akarudi aitwe nani.

"Ushahidi uko wapi?" niliuliza. "Dereva amesema alishuka garini. Kushuka garini si kufa."

"You are missing the point, msomi," alisema baba mdogo.

Nilicheka kwa uchungu, naye akadhani namdharau.

"Cheka. Chuo kikuu kilikufundisha kuuliza tu? Hakikufundisha kunyamaza?"

"Kilinifundisha kwamba mgomba si mtu."

"Nani alisema ni mtu? Ni mahali pa kuwekea kilio. Mdogo wako anazeeka akingoja. Shemeji, sema wewe. Huyu binti anataka tuishi na mlango wazi mpaka lini?"

Mama aliinuka, akatoka. Alikuwa na desturi ya kufagia kibanda cha kaka kila Jumamosi, akakunja blanketi lake, akalikunjua, akalikunja tena. Nilikuwa na hakika kwamba atakataa. Sikuhitaji hata kumuuliza, mimi ambaye huuliza kila kitu.

Siku aliyokubali alisema kwa Kiswahili, si kwa Kisamia tunachozungumza nyumbani. Mama alizaliwa upande wa Kenya, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya soko. Alikitumia alipotaka neno lisirudi nyuma.

"Sawa, shemeji. Tuzike."

"Mama!"

"Nimesema tuzike. Mdogo wako naye ni mwanangu."

 Niliona amemuuza kaka. Niliona kwamba mtu akiendelea kusukumwa na jamaa zake, hatimaye hata upendo wake hupigiwa kura. Nilimwambia mama mdogo, dada yake aliyekuja kutoka ng'ambo ya mpaka kwa ajili ya mazishi, kwamba afadhali polisi wa Tororo waliosema hawajui kuliko ukoo huu unaosema unajua.

"Wewe una maneno mengi," mama mdogo alisema. "Shika sufuria hii."

Asubuhi ya mazishi wageni walijaa uani. Katekista alikuja, akasimama mbali kidogo na shimo, akaombea "familia hii" bila kutaja aliyezikwa. Kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya kukata mgomba. Baba mdogo aliwaeleza vijana kwa sauti ya darasani: shina likatwe urefu wa mwenyewe aliyepotea, lisizidi, lisipungue, na anayetoa kipimo ni aliyemzaa. Likikosewa, mmezika mgomba tu, na mwenyewe bado anatembea.

"Nani kasema?" nilimuuliza.

"Waliotutangulia."

"Na wao nani aliwapima?"

Watu wawili walicheka, mmoja akaniambia niende jikoni. Mama aliinuka, akajifunga leso kiunoni, akaingia shambani na baba mdogo, mama mdogo na wale vijana. Mimi nilibaki kugawa chai, kwa hasira niliyomwagia watu visahanini. Waliporudi, kile walichobeba kilikuwa tayari kimefungwa shuka na kamba. Kilizikwa. Mama alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na nikaamini kila chozi. Jioni kibanda kilibomolewa. Mdogo wetu akajenga mwaka uleule.

Kaka hajarudi. Baba mdogo alifariki Masafu hospitalini baada ya ugonjwa mfupi, na msibani kwake sikulia sana. Nilimkumbuka kama mtu aliyemzika kaka yangu bila mwili.

Muda mrefu baadaye nilikwenda ng'ambo kumsalimu mama mdogo. Tulikuwa tukichambua mboga, nikaanza tena: jinsi mama alivyokubali kirahisi, jinsi baba mdogo alivyomshinda. Mama mdogo aliacha mboga.

"Nani alimshinda? Mimi nilikuwepo. Baba yako mdogo alimuuliza, 'Shemeji, mtoto alikuwa na urefu gani?' Mama yako akaweka mkono hapa." Akaugusa ubavu wake, chini ya kwapa. "Urefu wa mtoto wa shule."

Kaka alikuwa akiinama kuingia kila nyumba niijuayo. Mama alimfika kifuani.

"Na baba mdogo, aliyesema lisipungue, hakuona?"

"Yule aliyemfundisha kaka yako kusoma? Aliona. Aliutazama mkono wa mama yako, akatutazama. Halafu akawatuma vijana wakatafute kamba, akashika panga mwenyewe, akakata palepale alipoonyeshwa."